Kuomba kazi Serikalini kupitia Ajira Portal: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ajira Portal ni mfumo wa mtandaoni wa Serikali wa kuombea kazi. Kila tangazo la nafasi za "MDAs na LGAs", yaani wizara, idara, wakala na halmashauri, linapotoka, maswali huwa yale yale. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya kijana wa Tanzania anayeomba mwenyewe, kwa simu yake au kwa kompyuta ya steshenari, asiye na mjomba wizarani wa kumuuliza. Jambo moja limo karibu katika kila jibu, kwa hiyo nalisema mapema: waombaji wengi hawaangushwi na elimu yao. Huangushwa na karatasi zao. Jina la cheti kimoja halifanani na la kingine, barua haina sahihi, palipotakiwa cheti pamewekwa hati ya matokeo. Karatasi hizo hutengenezwa kabla tangazo halijatoka, kwa sababu likishatoka dirisha la maombi huwa wazi kwa wiki mbili hivi tu.

Sekretarieti ya Ajira ni nani hasa? Kwa nini siwezi kupeleka barua moja kwa moja halmashauri?

Jina lake kamili ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nayo iko chini ya Ofisi ya Rais. Iliundwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, kifungu cha 29, baada ya marekebisho ya mwaka 2007, ikaanza kazi 2010. Kazi yake ni kutafuta watu kwa niaba ya waajiri wa umma: wizara, idara, wakala, mikoa, halmashauri, vyuo na mashirika. Mwajiri akipata kibali cha kuajiri, Sekretarieti ndiyo inayotangaza, inayochuja, inayosaili na inayompangia aliyefaulu kituo cha kazi. Ukipeleka bahasha halmashauri kwa nafasi iliyotangazwa na Sekretarieti, bahasha hiyo haiingii popote. Matangazo yenyewe husema wazi kwamba maombi yaliyotumwa nje ya mfumo hayatafikiriwa. Anuani ya mfumo ni portal.ajira.go.tz.

Je, kazi zote za Serikali hupitia humo?

Hapana, na watu hupoteza nafasi kwa kudhani hivyo. Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto wana taratibu zao za kuandikisha. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 mwaka 2025 ilisimamia zoezi lake yenyewe, na waombaji walipita laki moja. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ina utaratibu wake kwa ajira za Zanzibar.

Walimu wanahitaji maelezo zaidi. Kwa miaka mingi mwalimu aliomba kupitia mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, akasubiri kuona jina lake kwenye orodha, bila usaili. Mwaka 2024 ajira za walimu zikaingizwa Sekretarieti, na mwanzoni mwa 2025 walimu wakafanya usaili mikoani kama kada nyingine, yaani aina nyingine za kazi. Waliohitimu tangu 2015 na kusubiri zamu yao iliwauma, na nawaelewa: waliambiwa foleni, kisha wakaambiwa mtihani. Lakini kwa anayeomba sasa ushauri ni mmoja. Usikae ukisubiri orodha ya TAMISEMI. Fungua akaunti Ajira Portal, kisha rudia somo lako la kufundishia kama mtu anayejiandaa na mtihani.

Kabla ya kujisajili niwe na nini mkononi?

Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha Taifa), barua pepe unayoifungua wewe mwenyewe, namba ya simu ambayo hutaiacha, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne pamoja na namba yako ya mtihani (ile yenye namba ya shule, namba yako na mwaka), cha sita kama ulifika, vyeti vya chuo na transkripti zake (orodha za masomo na alama zako), na picha ndogo. Kama taaluma yako inasajiliwa na bodi au baraza, yaani uhandisi, uuguzi, udaktari, ununuzi na ugavi, uhasibu, weka na cheti cha usajili au leseni iliyo hai. Leseni iliyoisha muda mwezi uliopita ni sawa na kutokuwa nayo.

Nina namba ya NIDA lakini kadi sijapata. Nifanyeje?

Namba inatosha kuombea. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zitazame vizuri. Ukikuta haziendani na cheti cha kuzaliwa, una kazi ya kufanya NIDA kabla hujafanya kingine chochote, kwa sababu mfumo utachukua taarifa zako kutoka huko.

Jina langu la NIDA si sawa na la kidato cha nne. Je, nitaachwa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Tofauti za majina ziko za aina tatu. Ya kwanza ni herufi: Mohamed na Muhammad, Elizabeth na Elizabeti, Mwanaidi na Mwanaid. Ya pili ni mpangilio au upungufu: cheti cha shule kina majina mawili, NIDA ina matatu, au jina la babu limetangulia la baba. Ya tatu ni jina jingine kabisa: ulisoma kwa jina la mlezi aliyekupeleka shule, au umeolewa ukachukua jina la mume, au umebadili dini.

Wanaopitia maombi hawakujui. Wanachokiona ni cheti cha mtu mmoja na kitambulisho cha mtu mwingine, na kazi yao ni kulinda nafasi isiende kwa anayetumia cheti cha ndugu yake. Kwa hiyo usiwaachie wakisie. Kwa tofauti ndogo za herufi au mpangilio, hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, inayotaja majina yote mawili na kusema ni ya mtu mmoja, husaidia kueleza. Kwa jina jingine kabisa, kiapo peke yake hakitoshi. Unahitaji hati ya kubadili jina ambayo wakili huiandaa na Msajili wa Hati huisajili. Ukishaipata, iambatishe kwenye maombi, na siku ya usaili beba ile halisi. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili hulikumbusha hili mara kwa mara, na bado watu hurudishwa mlangoni wakiwa wametoka Kigoma au Mtwara.

Ukiwa na uwezo wa kuchagua, rekebisha kitambulisho kifuate vyeti vya shule. Cheti cha Baraza la Mitihani hakibadilishwi kirahisi, na vyeti vyote vya chuo vimejengwa juu yake. Nimeona watu wakifanya kinyume: wanahangaika mwaka mzima kutaka NECTA ibadilishe, ilhali kosa lilikuwa la karani aliyejaza fomu ya NIDA.

Na tafadhali, jina unaloandika kwenye barua ya maombi na kwenye CV liwe lile lile la mfumo. Usijiongezee jina la utani wala la ukoo ambalo haliko kwenye cheti chochote.

Cheti changu cha chuo hakijatoka. Naweza kuweka hati ya matokeo?

Hapana. Matangazo yamelirudia hili kwa miaka: hati za matokeo ya muda, hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, na barua za kuthibitisha kwamba umehitimu hazikubaliwi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe, na kwa wa vyuo, cheti pamoja na transkripti. Ukiweka transkripti bila cheti, au cheti bila transkripti, umejitoa mwenyewe.

Najua inavyouma unapokuwa na sifa zote na chuo kimekalia cheti chako kwa sababu ya deni la ada au mahafali yaliyosogezwa. Kama ni deni, cheti kiwe cha kwanza kwenye bajeti yako, kabla ya simu mpya na kabla ya nauli ya kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Kama ni uzembe wa ofisi, nenda mwenyewe, uonane na msajili wa chuo, upewe tarehe.

Cheti cha kidato cha nne kikipotea au kuungua, usisubiri tangazo. Taratibu za NECTA huanza na ripoti ya polisi na tangazo gazetini, na huchukua muda.

Vyeti lazima vithibitishwe na wakili?

Soma tangazo lenyewe. Matangazo mengi hutaka nakala zilizothibitishwa, na hapo mhuri na sahihi ya wakili vinahitajika kwenye kila nakala. Peleka vyeti halisi kwa wakili, si nakala ya nakala. Ukishathibitisha, skani mara moja kwa ubora mzuri na uhifadhi mafaili hayo kwenye barua pepe yako mwenyewe. Yatakufaa kwa maombi mengine mengi.

Nimepiga picha vyeti kwa simu. Inafaa?

Ikionekana vizuri na ikawekwa kwenye PDF, mfumo utaipokea. Lakini picha nyingi za simu zina kivuli cha kichwa, kona imekatwa, na namba ya mtihani haisomeki. Anayepitia maelfu ya maombi hatakupigia simu kukuomba utume upya. Lipa pesa kidogo steshenari, skani, kisha fungua kila faili kabla ya kulipakia. Hakikisha kurasa zote zimo, hasa nyuma ya transkripti, na kwamba faili la kidato cha nne si la kidato cha sita. Makosa ya kubadilisha mafaili ni mengi kuliko unavyodhani.

Nilisoma Kenya, Uganda au nje zaidi. Vyeti vyangu vinakubalika?

Vinakubalika vikishatambuliwa hapa nyumbani. Shahada hupelekwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), vyeti vya ufundi na stashahada hupelekwa NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), na matokeo ya sekondari ya nchi nyingine hupelekwa NECTA kwa ajili ya kulinganishwa. Unaambatisha cheti chako cha asili pamoja na cheti cha utambuzi. Aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Kenya, Nairobi kisha shahada Dodoma bado anahitaji barua ya NECTA kwa ile KCSE. Wengi husahau hapo, kwa sababu chuo kiliwapokea bila shida.

Barua ya maombi iandikwe vipi, na iende kwa nani?

Iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, isainiwe, na ielekezwe kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Si kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, hata kama nafasi ni ya halmashauri hiyo. Soma tena mwisho wa tangazo uone anuani ilivyoandikwa, uinakili ilivyo.

Sahihi ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtu anaandika barua nzuri kwenye kompyuta, anaigeuza PDF, anaipakia. Haina sahihi. Ichapishe, isaini kwa kalamu, iskani, ndipo uipakie.

Ndani ya barua, taja cheo kama kilivyo kwenye tangazo, na tarehe ya tangazo. Kisha eleza kwa ufupi sifa zako zinavyokutana na zile zilizotajwa. Ukurasa mmoja unatosha. Barua za kuazima kwenye makundi ya WhatsApp zinatambulika. Waombaji mia hutuma aya ile ile, na mara nyingine hubaki na jina la kazi ya mwenzao. Andika yako, hata kama Kiswahili chako unadhani si cha kiofisi. Sentensi fupi iliyo sahihi haina aibu.

Na CV? Nina lazima ya kuweka wadhamini?

Ndiyo, watatu, wenye namba za simu zinazopatikana na barua pepe. Mwalimu wako wa chuo, msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo, mtu uliyefanya naye kazi. Waombe ruhusa kwanza. Anuani na simu yako ziwe zinazofanya kazi leo. Taarifa za CV zifanane na ulizojaza kwenye mfumo. Mwaka wa kuhitimu usiwe 2019 huku na 2020 kule.

Nina miaka 46. Nimechelewa?

Kwa nafasi nyingi, ndiyo. Matangazo hutaka umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa walioko tayari katika utumishi wa umma. Waliostaafishwa katika utumishi hawaruhusiwi kuomba bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi.

Mimi ni mtumishi tayari, nimejiendeleza. Naweza kuomba kada nyingine?

Unaweza, ila barua yako ipite kwa mwajiri wako. Ukiruka hatua hiyo, hata ukifaulu usaili utakwama kwenye kuhamishiwa.

Tangazo linataka sifa tano, mimi nina nne. Niombe?

Katika kampuni binafsi ningekuambia jaribu bahati. Hapa hapana. Sifa za kada za umma zimo kwenye miundo ya utumishi, yaani nyaraka za Serikali zinazotaja sifa za kila kada, na anayechuja hana uhuru wa kuzipuuza. Mfano mzuri ni dereva daraja la II: kidato cha nne, leseni ya daraja C au E, uzoefu wa mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na kozi ya msingi ya udereva kutoka VETA (mafunzo ya ufundi stadi), NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) au chuo kingine kinachotambuliwa. Kuna madereva hodari wa malori, wa miaka 15 barabarani, wasioitwa kwa kukosa ile kozi fupi. Badala ya kuomba mara nne na kuachwa mara nne, kasome kozi, urudi ukiwa umekamilika.

Pale tangazo linaposema "au fani nyingine inayofanana na hizo", hapo pana nafasi ya kujieleza. Tumia barua yako kuonyesha masomo uliyosoma, kwa majina yaliyo kwenye transkripti, yanavyogusa kazi inayotangazwa.

Mfumo haufunguki siku ya mwisho. Nani wa kulaumiwa?

Siku ya mwisho watu wengi sana huingia kwa pamoja na mfumo huelemewa. Kusema kweli Serikali ingeweza kuongeza uwezo wa mfumo, na ni haki kuidai. Lakini leo wewe unahitaji kazi: tuma katika siku tano za mwanzo, usiku wa manane au alfajiri ambapo mtandao ni mwepesi. Na kabla ya kubonyeza kutuma, pitia kila sehemu ya wasifu wako. Usitegemee kurekebisha baadaye.

Kijana wa steshenari alinifungulia akaunti kwa barua pepe yake. Kuna tatizo?

Kubwa. Siku ukisahau neno la siri, kiungo cha kulibadili kitaenda kwake. Siku ukiitwa, taarifa itaenda kwake. Nenda sasa, mkiwa bado mnaonana, mbadilishe barua pepe iwe yako na neno la siri liwe lako. Simlaumu kijana, anahudumia foleni na wateja wengi hawana barua pepe. Ila barua pepe yako ifungue mwenyewe kwa simu, na iandike kwenye daftari. Usifungue akaunti ya pili kwa kuwa umesahau ya kwanza. Akaunti imefungwa na namba yako ya NIDA, na moja inatosha kwa maisha yote ya kuomba.

Nimetuma. Nitajuaje kama nimeitwa?

Majina hutolewa kwenye tovuti ya Sekretarieti, www.ajira.go.tz, kama tangazo la kuitwa kwenye usaili. Ingia pia kwenye akaunti yako, sehemu ya maombi yako, uone hali ya ombi. Ukiwa hukuitwa, mara nyingi sababu huonekana hapo hapo. Isome hata kama inakera. Hiyo sababu ndiyo orodha ya marekebisho yako kwa tangazo lijalo: barua haikusainiwa, cheti cha kuzaliwa hakipo, fani si inayotakiwa. Wanaoachwa mara sita kwa sababu ile ile ni wengi, na karibu wote hawakuwahi kuifungua sehemu hiyo.

Usitegemee orodha zinazosambazwa WhatsApp. Nyingine ni za mwaka jana, zimebadilishwa tarehe.

Kwa nini wanataka anuani ya makazi ya sasa?

Kwa kada zenye waombaji wengi, usaili wa mchujo siku hizi hufanyika mikoani, na unapangiwa mkoa kwa kufuata anuani uliyojaza. Zamani mtu wa Bukoba alisafiri hadi Dodoma, akalala gesti siku mbili, kwa mtihani wa saa moja. Mabadiliko haya yamewapunguzia waombaji mzigo mkubwa, na ninayapongeza kwa moyo wote. Lakini yanafaa tu kama anuani ni ya kweli. Ulijisajili ukiwa chuoni Morogoro, sasa uko kwenu Songea: ingia ubadilishe leo, kabla ya majina kutoka. Majina yakishatoka, utaufuata mkoa uliomo kwenye mfumo.

Siku ya usaili nibebe nini?

Vyeti vyako vyote halisi kuanzia cha kuzaliwa, na kitambulisho. Vinavyokubalika hutajwa kwenye tangazo la kuitwa: cha Taifa, cha mpiga kura, cha kazi, cha mkazi, leseni ya udereva, pasipoti. Nakili namba yako ya mtihani kutoka kwenye akaunti kabla hujaondoka nyumbani, maana matangazo huonya kwamba hutapewa mlangoni. Chakula, nauli na malazi unajilipia. Kada nyingi zina mchujo wa maandishi kwanza, wakati mwingine kwenye kompyuta. Udereva, uchapaji na kazi za mikono zina usaili wa vitendo. Mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana.

Kwa mchujo, soma majukumu yaliyoandikwa kwenye tangazo. Maswali hutoka huko zaidi ya wanavyoamini waombaji. Mtendaji wa Kijiji asome muundo wa serikali za mitaa, vikao vya kijiji, kamati zake, nani mwenyekiti na nani katibu. Mhasibu arudie hesabu zake. Makundi ya kuuza "maswali ya usaili yaliyovuja" achana nayo. Fedha uliyonayo ni nauli yako.

Nilipata alama nzuri, lakini sikuchaguliwa. Inawezekanaje?

Inawezekana na hutokea kila mara. Kufaulu mchujo hakutazami alama zako peke yake, bali mahali zilipokuweka kati ya wenzako. Nafasi zikiwa 10, wanaoitwa mahojiano ni idadi fulani ya walioongoza, na mstari unakatwa hapo. Aliye na 68 anaweza kubaki nje mwaka huu, na mwenye 55 akaingia kwenye kada nyingine yenye watu wachache. Ndiyo maana nasema usidharau nafasi za wilaya za mbali na kada zisizo na majina makubwa.

"Kanzidata" ni nini? Wenzangu wanasema wameajiriwa bila usaili mpya.

Ukifaulu hadi mahojiano lakini nafasi zikajaa kabla yako, jina lako huhifadhiwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti kwa muda maalumu. Mwajiri mwingine akihitaji kada ile ile ndani ya muda huo, unaweza kupangiwa moja kwa moja. Kwa hiyo simu yako iwe hewani na akaunti uiangalie hata miezi kadhaa baada ya usaili. Wapo waliopangiwa kazi wakiwa wameshakata tamaa, na wapo waliopoteza kwa sababu laini ilikuwa imefungwa.

Mtu amenipigia, anasema ni ofisa wa Utumishi, nitume shilingi laki tatu jina langu lipite.

Usitume hata mia. Kuomba kazi Ajira Portal hakuna ada, kuitwa hakuna ada, kupangiwa kituo hakuna ada. Matapeli hawa hukusanya majina kwenye orodha zilizotangazwa hadharani, ndiyo maana wanakutaja kwa majina matatu na kada uliyoomba, nawe unadhani ni wa ndani. Mara nyingi hupiga kwa wengi, na akipita mmoja kwa juhudi zake mwenyewe, humdai "malipo ya pili".

Namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Kama ni mtumishi wa kweli anayedai rushwa, piga TAKUKURU, 113, bila malipo. Na piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua nenda ukaifunge.

Nakuandikia haya kwa uzito kwa kuwa wanaolizwa si matajiri. Ni mama aliyeuza mbuzi ili mwanawe "apitishwe".

Nina ulemavu. Niseme au ninyamaze?

Sema. Mfumo una sehemu ya kuainisha aina ya ulemavu, na matangazo huhimiza watu wenye ulemavu kuomba. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 na zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ukinyamaza, unajinyima pia msaada siku ya usaili: karatasi ya maandishi makubwa, mkalimani wa lugha ya alama, chumba cha chini kisicho na ngazi. Piga simu Sekretarieti mapema ukishaona jina lako, ueleze unachohitaji.

Rafiki yangu alitumia cheti cha kaka yake na anafanya kazi. Mbona hakukamatwa?

Bado. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wengine wakiwa na miaka mingi kazini. Waliondolewa. Sasa taarifa za NIDA, NECTA na vyuo zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, na uhakiki haujaisha.

Nimepangiwa kituo wilaya nisiyoijua, mbali na nyumbani. Nikikataa nitapangiwa kwingine?

Usitegemee hivyo. Barua ya kupangiwa kituo ina muda wa kuripoti, na muda huo ukipita nafasi hupewa mwingine. Ripoti, ukiwa na vyeti halisi kwa ajili ya uhakiki wa mwajiri, barua yako, kitambulisho na taarifa za akaunti ya benki. Utaanza na kipindi cha majaribio cha miezi 12, kisha uthibitishwe. Uhamisho una taratibu zake baadaye, na sababu za ugonjwa au ndoa husikilizwa kwa nyaraka. Kabla ya kuondoka, mpigie ofisa utumishi wa halmashauri uendayo. Uliza usafiri wa kufika na mahali pa kufikia usiku wa kwanza, kwa sababu mshahara wa mwezi wa kwanza unaweza kuchelewa kuingia, na ni vizuri uende na akiba ya chakula na kodi ya chumba.